Nani Aliyebeba Vitabu Hadi Kijijini?

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Habari za sungura na fisi tutazirudia jioni nyingine. Leo nina kisa cha kweli cha huku kwetu, kwenye miji na vijiji vinavyouzunguka Mlima Kenya: Nyeri, Karatina, Nanyuki, Timau, Meru, Mikumbune, Chuka na Embu. Nitawaeleza maktaba ya kijiji ilitoka wapi, nani alibeba vitabu hadi huku milimani, nani alivijengea nyumba, na nani anatakiwa kuitunza nyumba hiyo sasa.

Mashujaa wa kisa hiki ni wengi, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Yumo mwalimu aliyekaa na ufunguo wa sanduku la vitabu bila kulipwa hata senti. Yumo mama aliyechanga na kikundi chake, na mzee aliyekubali kiwanja kitengwe kwa ajili ya kusoma. Wasikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawapa kazi inayowahusu.

Msomaji mmoja, masikio mengi

Hapo kale hekima ya watu wa mlima huu ilikaa vichwani na midomoni. Shosho, yaani bibi, alitamba hadithi karibu na moto, watoto wakiitikia kwa wimbo. Wakikuyu walikuwa pia na kibuyu kiitwacho gicandi. Juu yake zilichongwa alama, na mtambaji aliyezijua alisimama mbele ya umati akaimba mafumbo yake, mpinzani akijaribu kuyafumbua. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba wazee wetu hawakujua kabisa kuweka maneno kwenye kitu ili yasipotee, mwambieni akatafute habari za gicandi.

Karatasi ililetwa na wamisheni mwanzoni mwa karne ya 20. Waskoti walijenga kituo chao Tumutumu, karibu na Karatina. Wakatoliki wa Consolata kutoka Italia walijikita Nyeri, wakaleta mtambo wa kupigia chapa, na mwaka 1916 wakaanza kutoa gazeti la Kikuyu lililoitwa Wathiomo Mukinyu. Mwaka 1928 likaja Muigwithania, ambalo mhariri wake alikuwa Johnstone Kenyatta. Huyo ndiye ambaye baadaye alijulikana kama Mzee Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya. Mwaka 1945 Henry Muoria akaanzisha Mumenyereri.

Waliojua kusoma siku hizo walikuwa wachache, na senti za kununulia gazeti zilikuwa za kutafutwa. Nakala moja ikifika sokoni, mwenye kujua aliisoma kwa sauti. Wengine walimzunguka, wakamkatiza, wakabishana, wakamtaka arudie pale palipowachoma. Hakuwa na mshahara wala meza. Mimi namhesabu kuwa mkutubi wa kwanza wa kijiji, kwa sababu alifanya kazi yenyewe ya maktaba: kitu kilichonunuliwa mara moja kikawafaa watu wengi.

Moyo huo ulionekana tena baada ya mwaka 1929, wakati wazazi wengi wa Kikuyu walipokosana na wamisheni kuhusu mila, na watoto wao wakafungiwa milango ya shule. Wazazi walikata miti, wakakanda udongo, wakachanga senti, wakajenga shule zao wenyewe zilizoitwa shule huru. Mwaka 1939 kilifunguliwa hata chuo cha kufundishia walimu huko Githunguri, kikiongozwa na Mbiyu Koinange. Serikali haikuwajengea, walijijengea.

Sanduku la mbao

Vita vya Pili vya Dunia viliisha mwaka 1945. Askari Waafrika walirudi nyumbani wakiwa wameona nchi za mbali, na kiu ya kusoma ikaongezeka. Mwaka 1948 likaanzishwa shirika la kuhudumia Afrika Mashariki nzima, East African Literature Bureau, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Charles Richards. Kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za huku, na pia kuvifikisha kwa wasomaji.

Lakini utavifikishaje mahali pasipo na maktaba? Walitumia sanduku. Sanduku la mbao lilijazwa vitabu, likapelekwa kwenye shule, jumba la jamii au kituo kingine ambako watu hukutana. Huko alikabidhiwa mtu wa pale pale, mara nyingi mwalimu au karani. Yeye aliandika kwenye daftari nani amechukua kitabu gani na atakirudisha lini. Vitabu vikishazungukia wasomaji, sanduku lilirudishwa na jingine likaja lenye vitabu tofauti. Aliyeishi mbali zaidi aliandika barua, na kitabu kikamfuata kwa posta.

Hebu mtazameni vizuri huyo mwenye ufunguo. Sanduku ni la serikali, lakini saa za kulifungua ni zake mwenyewe, baada ya kusahihisha madaftari na kabla ya kwenda kukama ng'ombe. Mvua ya Aprili ikimwagika, yeye ndiye anayelisogeza mbali na ukuta unaovuja. Kitabu kisiporudi, yeye ndiye anayepita boma kwa boma akiuliza kwa upole, maana akigombana na mwenye nyumba atakosa kitabu na kumkosa msomaji pia. Hata leo, muulizeni mkutubi yeyote: kudai kitabu bila kumvunja mtu moyo ni kazi ngumu kuliko kukipanga kwenye rafu.

Wakati masanduku hayo yakizunguka, Nairobi kulikuwa tayari na maktaba kubwa ya mawe, McMillan Memorial Library, iliyofunguliwa mwaka 1931. Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, na mfuko wa Carnegie wa Marekani ukachangia. Mlangoni pake wapo simba wawili wa mawe hadi leo. Mtoto wa Kiafrika aliweza kuwatazama simba hao, lakini ndani hakuingia, kwa sababu maktaba ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1958.

Jina hilo la Carnegie lina kisa chake, nacho kinatuhusu. Andrew Carnegie alizaliwa Scotland katika familia maskini, wakahamia Marekani, naye akaanza kazi akiwa bado mtoto. Huko Pennsylvania aliishi mzee mmoja, Kanali James Anderson, mwenye vitabu vipatavyo 400 nyumbani kwake. Kila Jumamosi mzee huyo aliwafungulia mlango vijana wafanyakazi waazime kitabu kimoja. Carnegie alikuwa miongoni mwao. Alipokuja kutajirika kwa biashara ya chuma cha pua, alisaidia kujenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Lakini aliweka sharti: mji utoe kiwanja, na uahidi kutenga pesa kila mwaka za kuendesha maktaba hiyo. Asiyeahidi pesa za kila mwaka hakupewa jengo. Likumbukeni sharti hilo. Tutakutana nalo tena huku kwetu.

Kijiji kilichozungushiwa mtaro

Mpaka hapa nimetaja kijiji mara nyingi, lakini mnajua vijiji vingi vya Nyeri vilianzaje? Wakikuyu wa zamani hawakuishi katika nyumba zilizobanana. Kila ukoo ulikuwa na ardhi yake kwenye miinuko, na maboma yalitawanyika. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari ili kupambana na wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau. Mwaka 1954 ikaamuru watu wakusanywe mahali pamoja wachungwe. Zaidi ya watu milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800. Vingi vilizungushiwa mtaro uliochomekwa miti yenye ncha. Shule huru zilifungwa. Magazeti ya Kikuyu yaliyopigania haki za watu yakapigwa marufuku.

Mmoja wa waliokamatwa Oktoba hiyo ya 1952 alikuwa mwandishi, Gakaara wa Wanjau. Alizaliwa mwaka 1921 katika eneo la Tumutumu. Alisoma Alliance High School, akafukuzwa baada ya mgomo wa wanafunzi, akaingia jeshini wakati wa vita. Aliporudi alianza kuandika na kuchapisha vitabu na vijitabu, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Maandishi hayo ndiyo yaliyomponza. Alizuiliwa miaka kadhaa, akihamishwa kambi hadi kambi, hata kisiwani Manda karibu na Lamu, mbali kabisa na baridi ya kwao. Akiwa huko aliweka shajara.

Baada ya kuachiliwa hakuacha kalamu. Alikuwa na kiwanda chake cha uchapaji mjini Karatina, akatoa jarida la Gikuyu na Mumbi na hadithi za mhusika wake Wanduuta zilizowachekesha watu kwa miaka mingi. Mwaka 1983 ile shajara ya kizuizini ilichapishwa kuwa kitabu, na mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma, iliyotolewa kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika. Aliigawana na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Gakaara alifariki mwaka 2001.

Nimewasimulia habari zake kwa sababu moja. Kuna watoto wanaodhani vitabu hutoka Nairobi au ng'ambo tu, vikishushwa kwenye lori. Huyu alikuwa mtu wa Karatina, akiandika na kupiga chapa pale pale karibu na soko la viazi na kabichi. Maktaba ya kijiji ambayo haina rafu ya waandishi wa kwao ina pengo, hata kama vitabu vyake ni elfu kumi.

Kiwanja chenu, vitabu vyetu

Uhuru ulipokaribia, mtaalamu wa maktaba aliyeitwa Sidney Hockey aliandika ripoti mwaka 1960 akishauri kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na bodi yake ya maktaba za umma. Tanganyika ilitunga sheria yake mwaka 1963, Uganda 1964, na Kenya 1965. Ndipo ikazaliwa Kenya National Library Service, ambayo wengi huiita KNLS. Ilianza kazi mwaka 1967, ikarithi masanduku ya vitabu na ile maktaba ya posta.

Matawi yalifunguliwa kwanza kwenye miji mikubwa. Lakini nchi ilikuwa kubwa na mfuko mdogo. Vijiji vingesubiri hadi lini? Katika miaka ya 1980 ukashika mpango mwingine, maktaba za jamii. Masharti yake yalieleweka hata na asiyesoma: wakazi watoe kiwanja na nyumba, KNLS ilete vitabu na wakutubi waliosomea kazi hiyo. Mnaona? Ni lile sharti la Carnegie limegeuzwa. Kule tajiri alijenga na mji ukaendesha. Huku wanakijiji walijenga na serikali ikaendesha.

Watu wa mlima huu walikuwa na mazoea ya kuchangishana. Katika miaka ya baada ya uhuru, akina mama wa huku waliunda vikundi vya mabati. Kila mmoja alitoa kidogo, kwa kulima vibarua au kuuza mazao, na pesa zikitosha, nyumba ya mmoja wao iliondolewa nyasi ikaezekwa mabati. Kisha zamu ya mwingine, hadi wote waepuke kuvujiwa. Ukishajua kuezeka nyumba ya jirani kwa namna hiyo, kuezeka nyumba ya vitabu hakukushindi. Wazee husema kikundi kikiungana huinua kinu.

Harambee yenyewe mmeiona. Kuna kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna mgeni wa heshima na bahasha yake. Kuna kuku na debe la mahindi vinavyopigwa mnada mara tatu, kwa sababu kila anayenunua anavirudisha viuzwe tena. Lakini siku ya harambee ni rahisi, ina nyimbo na chakula. Kazi ya watu wa kujitolea huanza kesho yake, viti vikisharudishwa kanisani. Nani atafuata hati ya kiwanja ofisini mara ya sita? Nani atalala na saruji isiibiwe? Nani atahesabu mawe yakishushwa? Wanakamati wa namna hiyo ndio waliozifikisha maktaba nyingi kwenye paa, na mara nyingi nauli ilitoka mifukoni mwao.

Leo ukiuzunguka mlima utazikuta maktaba zilizokua chini ya huduma hiyo katika ile miji niliyoitaja mwanzoni. Mikumbune si mji hasa. Ni soko la kijijini huko Imenti Kusini, Meru, penye migomba na kahawa. Huo ni ushahidi kwamba maktaba ya umma inaweza kukaa mashambani na ikapata wasomaji.

Chai na kahawa kwenye rafu

Sasa tuingie ndani. Tuseme shosho amekutuma: matunda ya kahawa yake yanapata madoa meusi na kuanguka, naye anataka kujua dawa. Unasimama mbele ya vitabu mia kadhaa. Utaanzia wapi?

Angalia mgongo wa kitabu. Pana namba. Mfumo huo ulibuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, nao unakipa kila kitu duniani mahali pake. Kilimo ni 630. Kahawa ni 633.73, na chai ni 633.72, jirani kabisa. Hata kwenye miteremko yetu ni majirani: chai iko juu kwenye baridi karibu na msitu, kahawa chini yake. Ng'ombe wa shosho wapo 636.2, nyuki wa guka, yaani babu, 638.1. Ngano za sungura na fisi zipo 398.2, na fasihi ya Kiswahili 896.392. Ukizijua namba hizo chache, unaweza kuingia maktaba ya Embu, ya Kampala au ya London ukaenda moja kwa moja kwenye rafu bila kumsumbua mtu.

Fungua jalada. Katika vitabu vingi utakuta karatasi ndogo iliyobandikwa, yenye safu za tarehe zilizopigwa muhuri. Hiyo ni historia ya kitabu. Kuna kitabu kilichotoka kila baada ya wiki mbili, na kingine kilichokaa miaka minane bila kuguswa. Mkutubi mwerevu huzisoma tarehe hizo kabla ya kuagiza vitabu vipya.

Hapo ndipo marafiki wa maktaba wanapohitajika kuliko siku ya harambee. Nyeri ina baridi na ukungu, hasa Julai. Karatasi hunywa unyevu, kurasa zikashikana na kuota kuvu. Rafu inatakiwa isiegemee ukuta wa nje, na madirisha yafunguliwe jua linapotoka. Jalada lililong'oka lishonwe au ligundishwe kabla kurasa hazijaanza kupotea. Vitabu vya watoto vivishwe plastiki. Jumamosi mtu awasomee wadogo kwa sauti. Haya hayahitaji digrii. Mwalimu aliyestaafu anayaweza, na mwanafunzi wa Gredi ya 7 anayaweza vilevile.

Na mkiona maktaba imejaa vijana wanaosoma madaftari yao wenyewe wakijiandaa kwa mtihani, bila kugusa rafu, msiwadharau. Nyumbani kwao huenda hakuna meza, au taa ni moja na watoto ni sita. Meza, mwanga na kimya navyo ni mali ya umma.

Vitabu navyo huzeeka

Baadhi ya marafiki wa maktaba zetu wako mbali. Mwaka 1954 bibi mmoja Mwingereza, Hermione Ranfurly, ambaye mumewe alikuwa gavana wa Bahamas, alianza kukusanya vitabu kwa ajili ya watoto wa visiwa hivyo. Kazi yake ilikua ikawa shirika ambalo leo linaitwa Book Aid International, na kwa miaka mingi limekuwa likileta vitabu Kenya kupitia KNLS. Tunashukuru, na kushukuru ni wajibu.

Lakini shukrani isitufumbe macho. Si kila kitabu cha bure kinafaa. Chukueni kitabu cha zamani cha jiografia. Kitawaambia Kenya ina mikoa minane na Nyeri ni makao makuu ya Mkoa wa Kati. Tangu mwaka 2013 tuna kaunti 47. Kitawaonyesha Sudan ikiwa nchi moja, ilhali Sudan Kusini ilijitenga mwaka 2011. Kitawachorea barafu nene juu ya mlima wetu wa mita 5,199, ilhali barafu ya Lewis, kubwa kuliko zote hapo juu, imeyeyuka sehemu yake kubwa. Mtoto anayesoma kitabu hicho peke yake atafeli mtihani kwa kuamini alichosoma. Ndiyo maana maktaba inahitaji pesa za vitabu vipya kila mwaka, si za mwaka wa ufunguzi tu.

Nani hayumo?

Maktaba nzuri hujiuliza swali hilo kila siku. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Wasichana wengi wa rika lake walibaki nyumbani. Katika kitabu chake cha maisha, Unbowed, anasimulia kwamba kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama alilifikiria swali hilo, akampeleka. Mwaka 2004 Wangari akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Swali lililoanzisha yote lilitoka kwa mvulana mwanafunzi.

Wakutubi wa Garissa nao walijiuliza: wafugaji wanaohama na mifugo, je, wataifikaje maktaba? Mwaka 1996 KNLS ikawapakia ngamia masanduku ya vitabu, wakapelekwa walikokuwa wasomaji. Yaani sanduku lile lile la mbao la kale, safari hii likiwa na miguu minne.

Kijijini kwenu hayumo nani? Huenda ni mvulana anayechuma chai siku za shule. Huenda ni guka ambaye macho yamefifia, naye anahitaji mtu wa kumsomea, kama yule msomaji wa sokoni wa zamani.

Kazi yenu

Kuna nchi zilizojaribu kuwaachia watu wa kujitolea mzigo wote. Uingereza, tangu karibu mwaka 2010, halmashauri nyingi zilipunguza bajeti, na mamia ya maktaba yakabaki mikononi mwa wakazi. Baadhi zinaendelea vizuri. Nyingine hufunguliwa saa chache tu kwa wiki, kwa sababu mtu wa kujitolea naye huugua, huhama na huzeeka. Huu ndio uamuzi wangu baada ya kukizungusha kisa hiki chote: wanakijiji wanaweza kuanzisha maktaba na kuipenda, lakini mshahara wa mkutubi na pesa za vitabu ni deni la serikali. Upande mmoja ukikwepa, mwingine huchoka.

Kwetu Kenya deni hilo lina mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaorodhesha maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Katiba hiyo hiyo inataka wananchi washirikishwe pesa za umma zinapopangwa. Kwa hiyo kikao cha bajeti kikitangazwa wadini kwenu, mwambieni baba au mama aende, na mumpe swali la kumuuliza MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti: mwaka huu maktaba yetu imetengewa shilingi ngapi za vitabu?

Kazi ya pili ni yenu wenyewe. Chukueni daftari jipya. Waendeeni wazee wa kijiji, wasalimieni kwa heshima, kisha waulizeni: kiwanja cha maktaba kilitoka kwa nani? Nani walikuwa kwenye kamati ya kwanza? Nani alibeba mawe, nani alipika siku ya harambee, nani alikuwa wa kwanza kushika ufunguo? Andikeni majina yote, yakiwemo ya wapishi. Mkimaliza, lipelekeni daftari kwa mkutubi alipatie namba na mahali kwenye rafu. Kama kijiji chenu hakina maktaba bado, andikeni nani yuko tayari kuianzisha, na muanze na sanduku moja.

Na kile kitabu ulichokiazima wiki iliyopita, mjukuu wangu, kirudishe Ijumaa. Kuna mwenzako anakisubiri.